Kipande cha manjano, gramu 46, densiti 7.67: ni metali gani?

Swali la msomaji: Nina kipande cha metali cha rangi ya manjano, ukubwa wake kama pingili ya kidole gumba, na upande mmoja kina tundu la skrubu. Sumaku haikivuti. Mizani ya jikoni imesoma gramu 46. Nilikitumbukiza kwenye silinda ya kupimia ya mililita 100, maji yakapanda kutoka 60 hadi 66. Nikagawanya 46 kwa 6, nikapata 7.67. Kwenye jedwali la densiti sioni metali ya manjano yenye namba hiyo. Iliyo karibu ni chuma, 7.87, na chuma si cha manjano. Kuna aliyeniambia ni dhahabu. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, hukukosea kugawanya: densiti ni gramu za kitu zikigawanywa kwa ujazo wake. Tatizo liko kwenye ile mililita 6.

Silinda ya mililita 100 kwa kawaida huwa na mstari kwa kila mililita 1. Jicho, hata likiwa makini, haliwezi kuaminiwa zaidi ya nusu ya nafasi iliyo kati ya mistari miwili. Nawe ulisoma mara mbili, kabla ya kutumbukiza na baada ya kutumbukiza, na kila usomaji una nusu yake ya wasiwasi. Zikiungana vibaya, ujazo wako unaweza kuwa mililita 5 au mililita 7. Mizani nayo, ikiwa inahesabu gramu nzima nzima, inaposema 46 maana yake ni popote kati ya 45.5 na 46.5. Sasa fanya hesabu kwa kuchukua ncha: 45.5 ÷ 7 ni 6.5, na 46.5 ÷ 5 ni 9.3. Kwa hiyo kipimo chako hakijasema 7.67. Kimesema densiti ya kipande iko mahali fulani kati ya gramu 6.5 na 9.3 kwa kila sentimita ya ujazo, yaani kwa kila mililita. Zile desimali mbili zimetoka kwenye kikokotoo, hazikutoka kwenye kipande.

Ndani ya pengo hilo wamo wengi: aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki inayotumika kusubu vishikizo na mapambo (6.6 hadi 6.7), zinki yenyewe (7.14), bati halisi (7.29), aloi ya shaba na alumini (karibu 7.6, nayo ni ya manjano), chuma (7.87), shaba nyeupe, yaani aloi ya manjano ya shaba na zinki (8.4 hadi 8.7), nikeli (8.91) na shaba nyekundu (8.96). Sumaku tayari imekuondolea chuma na nikeli. Waliobaki kipimo chako hakiwezi kuwatenganisha.

Hata hivyo, kipimo hichohicho kibovu kinatosha kujibu suala la dhahabu. Densiti ya dhahabu safi ni 19.3, hivyo gramu 46 za dhahabu zingechukua mililita 2.4 tu. Dhahabu ya karati 14, ambayo zaidi ya theluthi yake ni metali nyingine, huwa karibu na 13, na gramu 46 zake zingechukua mililita 3.5. Wewe umepata 6, na hata tukikunyima mililita nzima zinabaki 5. Kama kipande hakina uwazi ndani yake, si dhahabu. Ndivyo densiti inavyofanya kazi: hukanusha kwa nguvu kuliko inavyothibitisha. Ikisema "hapana", na kipimo ni cha haki, amini. Ikisema "huenda", bado una kazi.

Ujazo upimwe kwa mizani, si kwa macho

Njia ya kuondokana na tatizo hili ni kuacha kabisa kusoma ujazo kwenye mistari. Mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, ile ndogo wanayotumia masonara, inaweza kukupimia ujazo kwa usahihi unaozidi wa silinda yoyote ya ukubwa huo. Mizani yako ya jikoni haitafaa kwa kipande hiki, maana ingesoma gramu 5 tu na ungebaki na pengo la 8.3 hadi 10.3. Ile ya gramu 1 inafaa kwa vitu vinavyosukuma maji angalau mililita 50, kwa mfano kitasa kizima au bomba nene.

Kwanza pima kipande kikiwa kikavu na uandike uzito wake. (Nasema "uzito" kama tunavyosema kila siku, yaani gramu zinazoonyeshwa na mizani.) Kisha weka kikombe chepesi cha plastiki juu ya mizani, tia maji kiasi cha kuzamisha kipande chote na kubaki na sentimita moja hivi juu yake. Angalia uwezo wa mizani: nyingi za aina hii hukoma kwenye gramu 200, hivyo kikombe, maji na kipande visizidi hapo. Bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga kipande kwa uzi mwembamba wa nailoni, mfano mshipi wa kuvulia wa milimita 0.2, uning'inize kutoka kwenye rula iliyolazwa juu ya vitabu viwili vilivyopangwa pembeni mwa mizani. Rula na vitabu visiguse mizani hata kidogo. Kishushe kipande polepole hadi kizame chote, kisiguse sakafu ya kikombe wala ukuta wake. Subiri namba itulie, isome.

Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na kipande. Wengi hudhani mizani ingepaswa kusoma uzito wote wa kitu, au isisome chochote kwa kuwa uzi ndio unaokibeba. Kinachotokea ni kwamba maji hukisukuma kipande kuelekea juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa maji yaliyohamishwa, na kipande nacho huyarudishia maji msukumo huohuo kuelekea chini. Msukumo huo ndio unaofika kwenye mizani. Sehemu iliyobaki ya uzito inabebwa na uzi na kuishia kwenye rula.

Tuseme kipande kikavu kimesoma gramu 46.17, na kikiwa kinaning'inia majini mizani ikasoma gramu 5.43. Densiti ni

46.17 × densiti ya maji ÷ 5.43

Densiti ya maji si 1 kamili isipokuwa karibu na nyuzi 4 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 20 ni 0.998, kwenye 25 ni 0.997, kwenye 30 ni 0.996. Maji yakiwa ya nyuzi 25 unapata 8.48. Ukitumia 1 kwa uvivu unapata 8.50, tofauti ndogo isiyomdhuru mtu anayetafuta jina la metali. Sasa linganisha makosa: usomaji wa 5.43 ukiyumba kwa 0.02 kila upande, densiti itakuwa kati ya 8.45 na 8.51. Pengo lililokuwa la karibu 3 limekuwa la 0.06, na kitu ni kilekile, maji ni yaleyale.

Kuna ukaguzi mmoja wa haraka ninaoupendekeza kila mara. Baada ya kusoma, legeza uzi hadi kipande kikae chini ya kikombe. Mizani iruke hadi 46.17, uzito wote. Isipofika hapo, kuna mahali uzi bado unashika au mizani imehama kutoka kwenye sifuri. Kinyume chake pia kinafundisha: ikiwa kwenye hatua ya kuning'iniza ulipata namba inayopanda na kushuka, au kubwa kuliko ulivyotazamia, kipande kinagusa sakafu. Kina cha kuzama hakina athari, hivyo usisumbuke kukipeleka chini au juu zaidi. Ila usishike uzi kwa mkono. Mkono hutetemeka, na namba hutetemeka nao.

Lile tundu la skrubu

Hapa ndipo kipande chako kinaweza kukudanganya. Tundu la kipenyo cha milimita 4 na kina cha milimita 10 lina ujazo wa mililita 0.13. Ukilizamisha likiwa limeangalia chini, au hata likiwa wima ikiwa ni jembamba, hewa inabaki ndani na maji hayaingii. Mizani itaihesabu hewa hiyo kama sehemu ya metali. Usomaji wa 5.43 utakuwa karibu 5.56, na densiti itashuka kutoka 8.48 hadi 8.29. Umeshatoka nje ya shaba nyeupe, na unaanza kutafuta metali isiyokuwepo.

Kabla ya kuzamisha, safisha mafuta na uchafu kwa sabuni, suuza. Kwenye maji ya kupimia tia tone moja la sabuni ya maji ili yalowanishe vizuri. Jaza tundu kwa maji ukitumia bomba la sindano au dripu ya dawa, kisha kizamishe tundu likiangalia juu, ukigongagonga uzi kwa kucha. Tazama kwa pembeni, mwanga ukiwa nyuma ya kikombe: viputo vinavyong'ang'ania kwenye hesi za skrubu huonekana kama shanga za fedha. Vifagie kwa brashi laini. Maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe hadi joto la chumba ni bora kuliko ya bomba, kwa kuwa hewa iliyoyeyuka ndani yake imeshatoka na haitaunda viputo vipya kwenye metali wakati unasubiri.

Uzi nao una hesabu yake. Sentimita 3 za uzi wa milimita 0.2 zilizozama hazifiki hata mililita 0.001, zisahau. Uzi wa pamba ni habari nyingine: hunyonya maji, huvimba, na hushika viputo. Usiutumie.

Rudia kipimo mara tano, ukikikausha kipande kila mara na kukifunga upya. Usomaji mitano ukikaa ndani ya gramu 0.02, chukua wastani. Ukitawanyika zaidi ya hapo, usichukue wastani bado. Tafuta kiputo.

Inafaa kujua kwamba udhaifu wa njia ya kuangalia maji yakipanda ulishaonekana zamani. Kisa maarufu cha Archimedes, mtaalamu wa hisabati wa Ugiriki ya kale, aliyetakiwa kujua kama taji la mfalme wa Sirakusa lilichanganywa fedha, kama kilivyoandikwa na Vitruvius, mwandishi wa Kirumi, kinazungumzia maji yaliyomwagika. Jaribu kukifanyia hesabu. Taji la gramu 1000 za dhahabu safi lina ujazo wa mililita 52. Fundi akiiba gramu 300 na kuzifidia kwa fedha, ujazo unakuwa mililita 65. Tofauti ni mililita 13, ambazo kwenye chombo chenye mdomo wa sentimita 20 ni tofauti ya kina ya milimita 0.4. Ni nani angeiona? Mwaka 1586, Galileo Galilei, mwanasayansi wa Italia, akiwa kijana, aliona njia hiyo ni ya kubahatisha mno kwa mtu kama Archimedes, akaeleza mizani ya kupimia vitu vikiwa ndani ya maji. Njia niliyokueleza ni ya ukoo huohuo.

Vitu vinavyoelea, vinavyonyonya, na vyenye umbo la kawaida

Siku utakapotaka kujua plastiki, mpangilio ni uleule, ila kitu kinachoelea hukisukumi kwa uzi. Kibonyeze chini ya maji kwa ncha ya sindano ndefu iliyoshikizwa kwenye rula, hadi kizame tu. Usomaji bado ni uzito wa maji yaliyohamishwa, hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Kifuniko cha chupa chenye gramu 2.41 kikisoma 2.66, densiti yake ni 0.90, nayo ni ya polipropilini. Polithini ngumu ingekuwa kati ya 0.94 na 0.97. Polistireni ni karibu 1.05 na huzama kwa shida, PET ya chupa za maji ni 1.38 na huzama moja kwa moja. Kwa plastiki viputo ni adui mkubwa kuliko kwa metali, kwa sababu kitu kizima ni chepesi na plastiki haipendi kulowa.

Jiwe lenye vinyweleo, kigae au ubao hunywa maji wakati unapima, na namba hupungua polepole mbele ya macho yako. Kwa jiwe, liloweke usiku kucha, lipime likining'inia, kisha lifute juujuu na kulipima likiwa limeshiba maji, ukiwa umelipima kavu kabla ya yote. Uzito mkavu ugawanye kwa maji yaliyohamishwa, kisha uzidishe kwa densiti ya maji, upate densiti ya jiwe pamoja na vinyweleo vyake. Tofauti kati ya uzito ulioshiba na mkavu ni kipimo cha vinyweleo vyenyewe. Kinachoyeyuka, kama chumvi, kipime kwenye mafuta ambayo densiti yake umeshaipima.

Kitu chenye umbo la mche au silinda kamili unaweza kukipima kwa kaliba ya vernia (kifaa cha kupimia urefu na kipenyo kwa usahihi) bila maji. Angalia tu kwamba kosa la kipenyo huhesabiwa mara mbili kwenye silinda na mara tatu kwenye tufe. Goroli ya milimita 12 ukiikosea kwa milimita 0.1, ujazo umeukosea kwa asilimia 2.5. Na hapa watu wengi huanguka kwenye vipimo: sentimita moja ya ujazo ina milimita za ujazo 1000, si 10. Jibu likitoka 0.008 au 8000, huenda hesabu yako ni sahihi na kipimo tu ndicho kigeni. Gramu 1 kwa sentimita ya ujazo ni sawa na kilo 1000 kwa mita ya ujazo.

Namba mpya ikipatikana

Turudi kwenye kipande chako. Ukipata kati ya 8.4 na 8.7, na rangi ni ya manjano hadi ndani, ni shaba nyeupe. Kiasi cha zinki hushusha densiti: yenye asilimia 30 ya zinki huwa karibu 8.53, na yenye 40 hukaribia 8.4. Lakini usisome asilimia kutoka kwenye namba hiyo, kwa sababu shaba nyeupe ya kuchonga skrubu huongezewa risasi kidogo, na risasi yenye densiti 11.34 huirudisha namba juu. Ukipata 8.7 hadi 8.9, na rangi inaelekea wekundu, fikiria aloi ya shaba na bati.

Ukipata 6.6 au 6.7, usijilaumu kwamba umepima vibaya. Vitu vingi vya manjano vyenye tundu la skrubu, vile vishikizo vya droo na makabati, ni aloi ya zinki iliyosubiwa na kupakwa ngozi nyembamba ya shaba nyeupe. Chukua tupa ndogo, sugua ndani ya mdomo wa tundu mahali pasipoonekana. Ukiona kijivu chini ya manjano, umepata jibu, na densiti imekubaliana na macho. Ukipata 7.6 na sehemu iliyosuguliwa ikawa ya manjano kote, hapo ile aloi ya shaba na alumini ndiyo ya kwanza kufikiriwa.

Ukipata namba inayoangukia mahali pasipo na metali yoyote kati ya hizi, mfano 8.1, na umeshafukuza viputo vyote, basi shaka ihamie kwenye kipande chenyewe. Kitu kilichosubiwa huwa na vishimo vya hewa ndani, na kitu kilichounganishwa kwa metali mbili, kwa mfano skrubu ya chuma iliyokatikia ndani ya tundu, hutoa wastani wa densiti zao. Peleka sumaku ndogo hadi mdomoni mwa tundu lenyewe, maana ile uliyoijaribu kwa nje huenda ilikuwa mbali na hicho kipande cha chuma.